Shajara ya Mradi wa Mchicha: karakana za chuo na bustani za Dar es Salaam, Januari hadi Julai

Januari, wiki ya pili

Barua iliyouanzisha mradi huu imeupa jina refu, lakini hapa chuoni kila mtu anauita mradi wa mchicha, na kwa kuwa jina hilo linaeleweka hata kwa walinzi wa getini nimeamua kulitumia katika shajara hii. Kwa mujibu wa barua hiyo, karakana za chuo, yaani uchomeleaji, ufundi bomba, umeme, useremala, mabati na upishi, zinatakiwa kusaidia kilimo cha mjini na ubunifu wa vyakula katika mitaa inayotuzunguka. Nimeteuliwa kuwa mratibu, ingawa taaluma yangu ni ufundi bomba na sijawahi kulima zaidi ya matuta mawili ya bamia nyumbani.

Mpango wa awali ulitenga wiki sita za kuwafundisha wakulima namna ya kuandaa matuta, kuweka samadi na kupanda. Tuliufuta mpango huo siku ya kwanza tulipokaa nao chini ya mwembe. Mama mmoja anayelima mchicha na matembele kwa miaka mingi alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema kwa upole, "Mwalimu, kulima tunajua. Wewe tuletee mafundi." Wenzake walicheka, nami nikafunga daftari langu la mafunzo.

Mahitaji waliyoyataja yalikuwa matatu. La kwanza ni maji, hasa katika miezi ya Januari na Februari ambapo vuli imekwisha na masika hayajaanza. La pili ni mboga kunyauka kabla hazijauzwa, kwa sababu mchicha uliovunwa asubuhi huonekana umechoka ifikapo saa nane, na mnunuzi wa jioni hutaka fungu mbili kwa bei ya moja. La tatu ni wingi wa msimu, pale kila mtu anapovuna kwa pamoja na bei ikashuka hadi mtu anaona heri mboga zibaki shambani.

Msimamizi wa stoo, mzee anayekaribia kustaafu, alinikumbusha kwamba jambo hili si geni, kwani katika kampeni ya Kilimo cha Kufa na Kupona ya miaka ya 1970 taasisi nyingi zilitakiwa kuwa na mashamba. Nilimuuliza ni nini kilichobaki. Alinionyesha majembe manne yasiyo na mipini.

Januari, wiki ya nne

Leo tumefanya uamuzi mgumu kuliko yote ya mwezi huu. Sehemu ya wakulima waliojiandikisha wanamwagilia kwa maji ya Mto Msimbazi na vijito vyake. Utafiti uliochapishwa mwaka 1999 ulipima metali nzito, risasi na kadimi zikiwemo, katika mboga za majani zilizolimwa kando ya mito ya Sinza na Msimbazi, na tangu hapo jiji limekua mno: sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa wa Dar es Salaam, na maji taka ya watu hao yana mahali yanapokwenda. Chuo hakina maabara ya kupima risasi. Tena, kuchemsha mboga huua vijidudu lakini hakuondoi metali, hivyo ushauri wa kwamba mboga zioshwe na kupikwa vizuri, ambao ni mwema kwa upande wa kuhara, haufai kwa upande huu.

Tumekubaliana kwamba mradi hautakausha, hautasindika wala kutia katika pakiti yenye jina la chuo mboga yoyote iliyomwagiliwa kwa maji ya mto. Wakulima watano waliondoka, na sikuwalaumu, kwa maana hawana maji mengine. Mmoja wao alirudi jioni kuuliza kama gunia lililojazwa udongo wa kutoka kwingine na kumwagiliwa kwa maji ya mvua linahesabiwa. Nikamjibu kwamba linahesabiwa.

Februari, wiki ya kwanza

Wanafunzi wa ufundi bomba wamepima paa la karakana ya mabati. Lina urefu wa mita 20 na upana wa mita 10, na kanuni ni rahisi kiasi kwamba hata wanafunzi wa mwaka wa kwanza waliikamata palepale: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Mvua ya milimita 10 juu ya paa hili ni lita 2,000, na tukiondoa moja ya tano kwa yale yanayorukia nje ya gata, yanayovuja na yale ya mwanzo tunayoyamwaga kwa sababu yanabeba vumbi na mavi ya ndege, zinabaki lita 1,600. Nilitarajia hesabu hii iwachoshe. Badala yake walitoka wenyewe kwenda kupima paa la bwalo.

Maji ya mvua yana faida nyingine ambayo sikuifikiria. Visima virefu vya upande huu wa jiji vina chumvi, na kisima chetu ni kimojawapo. Mchicha huvumilia kiasi, lakini maharage hukauka ncha za majani. Tukichanganya maji ya kisima na ya mvua, chumvi hupungua kwa kiwango ambacho kifaa kidogo cha kupimia kinakionyesha papo hapo. Mwalimu wa umeme amekitengenezea kijiboksi ili kisilowe.

Februari, wiki ya tatu

Stendi ya tangi imepinda. Naandika kwa kirefu kwa sababu nadhani siku hii imewafunza wanafunzi wa uchomeleaji kuliko muhula mzima.

Umwagiliaji wa matone unahitaji tangi lililoinuliwa kidogo, kwani kila mita moja ya kimo hutoa msukumo wa sehemu ya kumi ya baa (kipimo cha msukumo), na kiasi hicho kinatosha mipira yetu mifupi. Wanafunzi walichomelea stendi ya kimo cha mita moja na nusu kwa vyuma vyembamba vya pembe, wakaipaka rangi ya kijani iliyopendeza, wakaweka juu yake tangi la lita 1,000. Mwalimu wao hakusema neno. Aliwataka wote wasimame umbali wa mita tano, kisha akafungua koki. Tangi lilipofika kiasi cha nusu na zaidi, mguu mmoja ulianza kuzama mchangani, stendi ikalala upande kama mtu anayesikiliza jambo, na mwalimu akafunga koki.

Ndipo akauliza lita moja ya maji ina uzito gani. Wote wanajua kwamba ni kilo moja. Akauliza tena, lita elfu? Hakuna aliyekuwa amelijibu swali hilo kabla ya kukata chuma, yaani kwamba walikuwa wakijenga kiti cha kukaliwa na tani moja. Makosa yalikuwa mawili: hapakuwa na vyuma vya mshazari vya kuifunga miguu isitawanyike, na miguu yenyewe ilisimama juu ya mchanga wa Dar es Salaam bila sahani wala zege. Stendi ya pili imekamilika Ijumaa ikiwa na mishazari pande zote nne, na imejazwa hadi juu. Rangi ya kijani haikurudiwa kwa sababu fedha ilikwenda kwenye saruji.

Machi, wiki ya pili

Tumeanza hoja ya kunyauka. Kundi la wanafunzi liliwasilisha mchoro mzuri wa friji la mkaa, ambalo ni kabati lenye kuta mbili za waya wa kuku zilizojazwa mkaa, ambao hulowanishwa maji ili hewa inayopita ipoe. Mtambo wa aina hii haumezi umeme, na binamu yake wa udongo, chungu ndani ya chungu na mchanga mbichi katikati, ulienezwa kaskazini mwa Nigeria katika miaka ya 1990 na mwalimu Mohammed Bah Abba, ukawapa wauza mboga siku kadhaa za nafuu. Mchoro ulikuwa na vipimo, gharama na hata mahali pa kufuli. Nilikuwa tayari kuusaini.

Mwalimu wa umeme akaomba nusu saa. Alichukua vipimajoto viwili vinavyofanana, kimoja akakiacha kikavu, kingine akakifunga kitambaa chenye maji kwenye tumbo lake, akavitundika kivulini na kumpa mwanafunzi mmoja kazi ya kuvipepea kwa kipande cha boksi. Ilikuwa saa nane mchana. Kikavu kilisoma nyuzi 32, na kile cha kitambaa kikashuka hadi 27 na kugoma. Akaeleza kwamba hapo ndipo mwisho wa friji la mkaa mahali hapa kwa saa hiyo, tena ni mwisho wa nadharia, maana kabati halisi haliufikii. Maji hupoza kwa kugeuka mvuke, na hewa ya pwani imeshashiba mvuke. Haina nafasi ya kupokea mwingine.

Mwanafunzi anayetoka Dodoma hakukubali, kwa sababu kwao mtungi wa udongo hutoa maji ya baridi hadi meno yanauma. Mwalimu akamwambia kwamba yuko sahihi kabisa, akafungua jedwali: hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 35, kama ya kiangazi cha bara, hukishusha kipimajoto cha kitambaa hadi karibu na nyuzi 19. Tofauti ni nyuzi 11 huko dhidi ya nyuzi tano hapa. Mchoro haukuwa na kosa lolote. Ulikuwa umechorwa kwa ajili ya hewa nyingine.

Tumeachana na friji. Badala yake useremala wametengeneza trei za mbao zenye matundu ambazo hupangwa juu ya guta zikiacha nafasi ya hewa, ili mboga zisibanwe ndani ya gunia na kupashana joto, na wakulima wamekubali kuvuna kabla jua halijatoka badala ya saa tatu. Nafuu iliyopatikana ni ya saa chache tu, lakini saa chache ndizo walizoomba. Nakiri kwamba katika ripoti kwa wafadhili "trei za mbao" hazisomeki vizuri kama "friji lisilotumia umeme".

Aprili, wiki ya kwanza

Masika yameingia kwa kishindo na matangi yote yamejaa. Kikaushio cha jua kilikamilika siku tatu kabla, kwa bahati mbaya.

Lengo la kikaushio ni lile hitaji la tatu, wingi wa msimu. Watu wa Dodoma na Singida wamekausha mlenda na majani ya kunde tangu enzi, kwa hiyo hatudai kugundua kitu. Tulichoongeza ni utaratibu: majani huchambuliwa, huzamishwa kwa dakika mbili katika maji yanayochemka yenye chumvi kidogo ili rangi isife, kisha hukaushwa ndani ya kisanduku chenye hewa ya moto bila kuonwa na jua moja kwa moja, kwa sababu jua lenyewe huharibu kile kiini cha rangi ambacho mwili hukigeuza vitamini A. Kilo 10 za majani mabichi huacha kilo moja na kidogo.

Aprili, wiki ya tatu

Trei zote zimeota ukungu. Tumezitupa kwenye mboji.

Sababu ni ileile ya Machi, na nimejionea aibu kwa kutoitambua mapema. Siku ya mawingu kisanduku kilipanda kutoka nyuzi 27 hadi 32 tu. Hewa ya nje ilikuwa na unyevu wa asilimia 85. Ukiipasha hadi nyuzi 32 inabaki na asilimia 64 hivi, na hewa ya namna hiyo haikaushi jani, inalipasha tu moto vizuri kwa ajili ya ukungu. Ukiifikisha hewa hiyohiyo nyuzi 45, unyevu wake hushuka hadi karibu asilimia 32, na hapo kukausha kunawezekana. Kwa maneno mengine tulihitaji nyuzi 13 zaidi ambazo jua la Aprili halikuwa nazo.

Ukungu si jambo la mzaha. Nchini mwetu mwaka 2016 watu walikufa kwa sumukuvu katika mikoa ya Dodoma na Manyara baada ya kula mahindi yaliyoharibika. Majani si mahindi, na sidai kwamba trei zetu zilikuwa na sumu hiyo, lakini mwalimu wa upishi alikataa hata kuziacha zipigwe picha kando ya chakula, nami nikaona yuko sahihi.

Mei, wiki ya pili

Jibu lilikuwa mita 30 kutoka karakana ya mabati, nalo limekuwa likipoteza joto kila alfajiri kwa miaka. Idara ya upishi ina tanuri la matofali la kuokea mikate, ambalo huwashwa siku tatu kwa wiki, na bomba lake la moshi huwa la moto hadi mchana. Wanafunzi wa mabati wamelivika bomba hilo koti la bati. Hewa safi inaingia chini ya koti, inapanda ikilikumba bomba kwa nje, kisha inaingia katika kisanduku cha kukaushia kwa njia ya mfereji uliofunikwa. Moshi unaendelea na safari yake ndani ya bomba na hauonani na chakula popote. Jambo hili lilijaribiwa kwa kuwasha majani mabichi tanurini na kunusa trei, na mwalimu wa upishi ndiye aliyeteuliwa kuwa pua ya mradi.

Siku ya kwanza ya mvua kubwa kisanduku kilisoma nyuzi 48. Matembele yalikauka kwa siku moja, yakawa yanavunjika vidoleni.

Udhaifu wake ni dhahiri: mkulima wa mtaani hana tanuri la mikate. Hata hivyo mitaa ina waoka mikate na wachoma maandazi, na tayari mmoja ameomba koti la bati kwa ajili ya jiko lake.

Mei, wiki ya nne

Upishi wana kazi yao wenyewe, ya viazi lishe. Viazi hivi vitamu vyenye nyama ya rangi ya chungwa vimepata heshima duniani, na miongoni mwa wanasayansi waliopewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2016 kwa sababu yake alikuwamo Mganda, Robert Mwanga. Hapa kwetu suala lilikuwa dogo zaidi: je, viazi vilivyochemshwa na kupondwa vinaweza kuchukua nafasi ya sehemu ya unga wa ngano katika maandazi ya asubuhi?

Jaribio la kwanza liliweka nusu kwa nusu. Mama lishe wa getini aliyeombwa kuyauza alilishika moja, akalibonyeza, akasema, "Yana rangi nzuri, ila hayavimbi, wanangu. Mteja analipia uvimbe." Alikuwa amegusa sayansi yote kwa kidole gumba. Kiazi hakina ile nguvu ya kunyumbuka ya ngano inayoshika hewa, na kikizidi andazi hubaki zito na kunywa mafuta. Katika theluthi moja ya kiazi na theluthi mbili za unga, huku maji yakipunguzwa kwa sababu kiazi chenyewe kina maji, andazi lilivimba. Sasa anachukua kila asubuhi, na ameacha kutuuliza kama ni ya majaribio.

Juni, wiki ya kwanza

Kwa ufupi: mafunza wa nzi askari mweusi, wanaolishwa mabaki ya matunda na mboga kutoka sokoni ili wawe chakula cha kuku badala ya dagaa, wameanza vizuri. Funza akikomaa hutafuta pakavu kwa kupanda mteremko, kwa hiyo beseni lililochomelewa na kuta zenye mwinamo hujivuna lenyewe usiku. Harufu imekuwa tatizo kwa darasa la ushonaji lililo upande wa pili wa ukuta. Tumehamisha mabeseni.

Juni, wiki ya tatu

Kipupwe. Hewa ni kavu kidogo, jua ni safi, na kikaushio kinafanya kazi hata tanuri likiwa limezimwa. Tungeanza mradi mwezi huu, tungeandika ripoti ya mafanikio matupu na kuisambaza michoro yetu jijini kote, kisha ukungu wa Aprili ukawakuta wakulima peke yao.

Kuhusu soko, wakulima wanataka kuuza mboga kavu katika maduka na si kwa majirani tu, na hilo linahitaji alama ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania, ambayo tangu mwaka 2019 ndiyo inayosimamia usalama wa chakula. Mjasiriamali mdogo huanzia kwa utambulisho wa SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo. Kikundi kimechagua katibu wa kufuatilia, binti mwenye mwandiko mzuri na subira, na sifa ya pili ndiyo iliyompa kura.

Julai, wiki ya kwanza

Unyevu umerudi kwa mlango wa tatu. Mboga tuliyoikausha vizuri mwezi wa sita, tukaitia katika mifuko myembamba ya plastiki na kuifunga kwa moto wa mshumaa, imeanza kulainika. Tuliichukulia kuwa kavu kwa kuwa ilikuwa kavu siku ya kufungwa.

Safari hii hatukusubiri ukungu. Tumechukua mizani ya upishi inayosoma hadi gramu moja na kufunga pakiti 12 za gramu 50 kila moja: nne katika mifuko myembamba, nne katika mifuko minene iliyofungwa kwa mashine iliyotengenezwa na wanafunzi wa umeme, na nne katika makopo ya kioo yenye vifuniko vya kukaza. Zote zimewekwa kwenye rafu moja stoo, karibu na majembe yasiyo na mipini, na kila Jumatatu zinapimwa na mwanafunzi mmoja na mkulima mmoja kwa pamoja, wakiandika uzito na kutia sahihi.

Julai, wiki ya tatu

Mifuko myembamba yote minne imeongezeka uzito. Makopo ya kioo hayajabadilika. Mifuko minene imeshika uzito wake isipokuwa mmoja, namba 7, ulioongezeka gramu mbili, na ukiushika kwenye mwanga unaona mkunjo mdogo mahali mashine ilipofungia. Mwalimu wa umeme anasema joto la waya halikuwa sawa upande huo. Mwanafunzi aliyeitengeneza anasema mfuko ulikuwa na unga wa majani kwenye ukingo wakati wa kufunga. Mkulima aliyekuwa zamu, yule mama wa siku ya kwanza, ameomba mfuko usifunguliwe bado, ufungwe upya juu ya mkunjo huo na upimwe tena Jumatatu.

Msimamizi wa stoo ametia mipini katika majembe mawili.